Theolojia ya Kilutheri ukitokea Kusini: chuo cha sanaa huria ng'ambo, Makumira, Kidugala, au ubaki Mtwara?

Kijana wa Masasi, Nachingwea au Tandahimba akimaliza kidato cha sita na kusema anataka kusoma theolojia ya Kilutheri, usharikani hujibiwa neno moja: nenda Makumira. Siku hizi limeongezeka jibu la pili linalosambaa kwenye simu, kwamba kuna vyuo vya Kilutheri Marekani vinavyofundisha sanaa huria kwa mtindo wa kale, Kilatini na Kigiriki, Plato na Augustino, pamoja na theolojia, na kwamba milango iko wazi. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini yanaruka njia mbili zilizo karibu zaidi, na yanaruka swali linalopaswa kutangulia: ukirudi Lindi au Mtwara, cheti hicho kitakuruhusu kufanya nini?

Tunalinganisha njia nne. Ya kwanza ni chuo cha sanaa huria cha Kilutheri ng'ambo. Ya pili ni shahada ya theolojia katika chuo kikuu cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hapa nchini, yaani Makumira kule Usa River, Arusha, au Iringa. Ya tatu ni chuo cha Biblia kinachofundisha kwa Kiswahili, kama Kidugala mkoani Njombe au Mwika mkoani Kilimanjaro. Ya nne ni kusoma ualimu Mtwara mjini, Stella Maris, na kuijenga theolojia pembeni kwa mpango unaoeleweka.

Sanaa huria ni kazi gani hasa

Mtaala wa kale una masomo saba. Matatu ni ya lugha na hoja: sarufi, mantiki na balagha, yaani sanaa ya kusema kwa kushawishi. Manne ni ya idadi na vipimo: hesabu, jiometria, muziki na falaki, yaani elimu ya nyota. Chuo cha leo hakiyafundishi kama yalivyofundishwa karne nyingi zilizopita. Kinayafanya uti wa mgongo, kisha kinaongeza historia, fasihi, falsafa na sayansi, na kwa chuo cha Kilutheri, Biblia, katekisimo na maungamo, yaani matamko rasmi ya imani ya kanisa.

Kwa Walutheri mpango huu si pambo la kuazima. Mwaka 1524 Luther aliziandikia halmashauri za miji ya Ujerumani akizitaka zifungue shule na kufundisha lugha za Biblia, kwa hoja kwamba Injili haitatunzwa pale lugha zinapoachwa. Philipp Melanchthon, mwenzake Luther aliyeandika Ungamo la Augsburg la 1530, tamko kuu la imani la Walutheri, alipelekwa chuo kikuu cha Wittenberg mwaka 1518 kufundisha Kigiriki. Ungamo lenyewe linaonyesha mkono wa mwalimu wa balagha: vifungu 21 vya imani vinatangulia ili msomaji aone kwamba hakuna dini mpya, kisha vinafuata vifungu 7 vya mambo yaliyorekebishwa.

Darasani kazi inaonekana hivi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapewa kitabu cha kwanza cha Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, chenye nadharia 48. Ya kwanza inamtaka achore pembetatu yenye pande tatu sawa juu ya mstari AB. Anaweka bikari kwenye A, anaifungua hadi B, anachora duara. Anaihamishia B, anaifungua hadi A, anachora duara la pili. Maduara yanapokatana anaandika C, kisha anaunganisha C na A, na C na B. Hapo hajafanya kitu bado. Anatakiwa kusimama ubaoni bila daftari na kueleza kwa nini AC ni sawa na AB, kwa nini BC ni sawa na AB, na kwa nini hayo mawili yanatosha kusema AC na BC nazo ni sawa, huku wenzake wakimuuliza kila hatua ameitoa wapi. Aliyepita shule kwa kukariri hukwama kwenye nadharia ya tano, ile ya pembe mbili za chini za pembetatu yenye pande mbili sawa, kwa sababu mistari ni mingi na kumbukumbu peke yake haimfikishi mwisho. Zoezi hilohilo ndilo analolihitaji miezi michache baadaye akipewa kifungu cha nne cha Ungamo, cha kuhesabiwa haki, na cha sita, cha utii mpya, na kuulizwa: kwa nini cha sita hakikutangulia? Asiyezoea kufuata hoja hatua kwa hatua atajibu kwa mahubiri, na mwalimu hatampa alama.

Lugha ndizo zinazochuja watu. Kigiriki cha Agano Jipya kina herufi 24, na wiki moja inatosha kuzijua. Agano Jipya zima lina maneno tofauti yapatayo 5,400, idadi inayotisha, lakini maneno kama 310 yanayojitokeza mara 50 au zaidi hubeba takribani asilimia 80 ya maandishi yote. Hivyo lengo la busara la mwaka wa kwanza ni maneno 300, yaani 10 kwa wiki kwa wiki 30. Msemaji wa Kiswahili ana mtaji wake hapa: aliyelelewa na ngeli hashangai kuona kivumishi kikibadilika kufuata nomino. Kinachomsumbua ni nomino yenyewe kubadilika mwisho wake kulingana na kazi inayofanya katika sentensi, jambo ambalo Kiswahili hakina, na Kilatini kinalo pia kwa wingi. Kiebrania kina herufi 22, kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na maneno yake mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Aliyekulia Lindi au Mikindani akasoma Kiarabu kidogo, iwe shuleni au kwa majirani, atakuta nusu ya ugumu huo ameshaumaliza. Ni faida ambayo vijana wa Kusini wanayo na hawaitumii.

Kinachoua lugha hizi ni kuziacha. Dakika 40 kila siku ni bora kuliko saa tano za Jumamosi. Mwanafunzi aliyefaulu muhula wa kwanza kisha akapumzika likizo nzima bila kufungua daftari, akirudi huanza upya, ila safari hii wenzake hawamsubiri.

Mzigo wa jumla: shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, kama 15 kwa muhula, na kila krediti moja inahesabiwa saa moja darasani na mbili nje ya darasa. Hizo ni saa 45 kwa wiki, nyingi zikiwa za kusoma kwa Kiingereza na kuandika insha. Kijana anayeyumba huko mara nyingi haangushwi na theolojia. Anaangushwa na insha ya kurasa tano inayotakiwa kila wiki, yenye dai moja na hoja za kulitetea, kwa lugha ambayo nyumbani aliitumia kwenye mitihani tu.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha: shahada ya sanaa huria haimfanyi mtu mchungaji, hata hukohuko Marekani. Mlutheri wa Marekani anayekwenda uchungaji humaliza kwanza shahada ya miaka minne, kisha huingia seminari kwa miaka mingine ipatayo minne, mmoja wapo ukiwa wa mafunzo usharikani. Anayeondoka Mtwara akiamini atarudi mchungaji baada ya miaka minne amehesabu nusu ya safari.

Si vyuo vyote vya Kilutheri ni vya kanisa moja

Marekani ina makanisa kadhaa ya Kilutheri yasiyoshirikiana meza ya Bwana. Luther College ya Decorah, Iowa, iliyoanzishwa 1861, na St. Olaf ya Northfield, Minnesota, ya 1874, ziko upande wa ELCA, moja ya makanisa hayo, ambalo kama KKKT ni mwanachama wa Shirikisho la Walutheri Duniani. Hizo ni vyuo vya sanaa huria kwa maana pana. Masomo ya kale yamo, lakini ni sehemu moja kati ya nyingi. Vyuo vinavyojitangaza kuwa vya mtindo wa kale na vya maungamo ya Kilutheri kwa ukali zaidi, kama Luther Classical College ya Casper, Wyoming, iliyofungua milango mwaka 2025, vina uhusiano na wachungaji wa Sinodi ya Missouri, kanisa jingine la Kilutheri la Marekani, ambayo haimo katika Shirikisho hilo.

Tofauti hii ina matokeo ya vitendo. KKKT iliridhia wanawake kubarikiwa uchungaji mwaka 1990. Sinodi ya Missouri haibariki wanawake. Binti wa Ruangwa anayejiona ameitwa uchungaji anaweza kusoma Kilatini na Plato vizuri sana katika chuo cha mtindo huo, lakini atafundishwa kwamba wito wake haupo. Ni afadhali alijue hilo kabla ya kuomba. Naye kijana wa kiume atakayerudi akiwa ameshawishika kwamba KKKT imekosea atapata shida ya kuhudumu ndani yake kwa dhamiri safi. Hatumwambii mtu asisome kwa wasiokubaliana naye, maana mengi hujifunzwa huko. Tunamwambia asome kanuni ya imani ya chuo, ambayo vyuo hivi huiweka wazi, aipitishe kwa mchungaji wake, na waizungumze kabla ya fomu kujazwa.

Makumira na Iringa

Chuo cha theolojia kilianzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, na leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Shahada yake ya theolojia imejengwa kwa ajili ya mtu atakayesimama madhabahuni: Agano la Kale na Jipya pamoja na lugha zake, historia ya kanisa, mafundisho ya imani, maadili, utume, na upande wa huduma, yaani kuhubiri, liturujia, kufundisha kipaimara, ushauri wa kichungaji, uongozi wa usharika. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Iringa, nacho chuo kikuu cha KKKT, kina theolojia pia, na kwa mtu wa Masasi au Tunduru kinafikika kwa kupitia Songea na Njombe bila kugusa Dar es Salaam.

Ukilinganisha na chuo cha sanaa huria, unachopoteza ni upana: hakuna Euclid, Kilatini hakipewi nafasi kubwa, na falsafa ya Wagiriki hupitiwa kwa kadiri inavyohitajika kuelewa historia ya mafundisho. Unachopata ni vitu viwili ambavyo ng'ambo havipo. Cha kwanza ni mazingira ya Kiafrika: mchungaji wa Lindi au Kilwa atahudumu mahali ambapo majirani wengi ni Waislamu, atazika watu wenye ndugu wa dini zote mbili, ataulizwa maswali ya mizimu na uganga. Maswali hayo hayamo katika insha za Casper. Cha pili ni wenzako wa darasa. Ndio watakaokuwa wachungaji, wakuu wa majimbo na walimu katika dayosisi nyingine kwa miaka thelathini ijayo, na ukikwama Liwale utajua nani wa kumpigia simu.

Sifa za kuingia shahada moja kwa moja hupangwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): ufaulu wa angalau masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo ina maana D mbili zinakuingiza kwenye mlango, lakini lazima ziwe katika masomo ambayo chuo kimeyataja kwa kozi hiyo. Wengi wa tahasusi za HGL na HKL hawana shida hapo. Mwenye stashahada inayotambulika anahitaji wastani wa GPA usiopungua 3.0. Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, dirisha likifunguliwa matokeo yakitoka mwezi wa saba. Tazama mwongozo wa TCU wa mwaka husika, si wa kaka yako.

Kidugala na Mwika

Kwa mwinjilisti ambaye tayari anaongoza mtaa Newala au Nanyumbu, mwenye kidato cha nne chenye alama za kawaida, chuo cha Biblia ndicho kinachomfaa, na tunalisema hilo bila kukidharau. Anajifunza kwa lugha atakayohubiria. Mahubiri hayafi njiani yakitoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha Kimakonde au Kimakua. Gharama ni ndogo kuliko chuo kikuu, na anarudi kazini mapema.

Udhaifu wake uko kwenye cheti. Vyeti vingine vya Biblia vinatambulika na kanisa tu, na mtu akitaka baadaye kupanda hadi shahada anaambiwa cheti chake hakihesabiki. Kabla ya kulipa, uliza swali moja kwa maandishi: kozi hii imesajiliwa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na kwa ngazi ipi? Jibu likiwa hapana, bado unaweza kwenda, lakini unakwenda ukijua kuwa ngazi ya kupandia itabidi uitafute mahali pengine.

Kubaki Mtwara

Stella Maris ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), chini ya Kanisa Katoliki, na kinapokea wanafunzi wa dini na madhehebu yote. Kwa Mlutheri wa Mtwara au Lindi anayependa sanaa huria zaidi ya uchungaji, njia hii inastahili kufikiriwa kwa makini kuliko inavyofanyiwa. Shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa inampa historia na lugha, inampa sifa ya kuajiriwa shuleni, na kozi za ualimu zimo katika zile zinazoombewa mkopo kwenye Bodi ya Mikopo (HESLB). Mwenye shahada ya theolojia au ya sanaa huria pekee akitaka kufundisha sekondari huambiwa aongeze stashahada ya uzamili ya ualimu, ambayo Chuo Kikuu Huria hutoa.

Theolojia na masomo ya kale atayajenga pembeni, na inawezekana akiwa na ratiba. Mwaka wa kwanza: Katekisimo Ndogo ya Luther ya 1529 kwa moyo, sehemu zote sita, na Kigiriki dakika 40 kwa siku. Mwaka wa pili: Ungamo la Augsburg, kifungu kimoja kwa wiki, kila kimoja akikifupisha kwa sentensi tatu na kukitafutia pingamizi moja la kweli, Kigiriki kinahamia kusoma Injili ya Yohana, ambayo msamiati wake ni mwepesi. Mwaka wa tatu: mantiki, na hasa makosa ya hoja, kisha balagha kwa zile hatua zake tano za kale: kutafuta hoja, kuipanga, kuipa lugha, kuishika kichwani, kuitamka. Shemasi au mwinjilisti anayekaribishwa kuhubiri anaweza kupima hatua hizo kwenye mahubiri yake Jumapili ileile.

Mpango huu hufa kwa upweke. Mtu mmoja hafiki mwezi wa nne. Watatu wanaokutana jioni moja kila wiki katika ofisi ya usharika, mmoja akiwa na zamu ya kuulizwa maswali, hufika. Na hauwezi kuzaa uchungaji: kanisa halitambui theolojia ya kujisomea, hata iwe nzuri namna gani.

Barua ya dayosisi kabla ya fomu ya chuo

Kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg kinasema asiyeitwa kwa utaratibu asifundishe hadharani kanisani wala kutoa sakramenti. KKKT inakifuata. Anayetaka uchungaji huanzia mtaani na usharikani, hupendekezwa na baraza la wazee, hupita jimboni, kisha dayosisi ndiyo inayomtuma masomoni. Kwa mikoa yetu hiyo ni Dayosisi ya Kusini Mashariki, yenye makao yake Mtwara. Mtu anayejilipia mwenyewe, akamaliza theolojia kwa alama za juu, kisha akaja kuomba kubarikiwa, anakuta dayosisi haikuwa na nafasi yake kwenye mpango wala kwenye bajeti. Hajakatazwa, lakini atasubiri, na kusubiri huko kunaweza kuwa kwa miaka.

Kwa hiyo omba mazungumzo na mchungaji wa usharika mwaka mmoja kabla ya kidato cha sita kuisha. Ulizia mambo matatu na uandike majibu: dayosisi inatuma wanafunzi chuo gani sasa, inagharamia nini na mwanafunzi nini, na shahada ya nje, hasa ya kanisa lisilo la Shirikisho, itapokelewaje. Jibu la swali la tatu linaweza kufuta njia ya kwanza yote kwa anayetaka uchungaji. Halimfutii anayetaka kuwa mwalimu, mtafsiri au mwandishi.

Fedha na kalenda ya korosho

Hapa ndipo mipango mingi mizuri ya Kusini inapovunjika, na sababu si umaskini peke yake, ni tarehe. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi, na malipo ya mkulima hupitia chama cha ushirika (AMCOS) hadi benki, mara nyingi yakimfikia wiki kadhaa baada ya mzigo kuuzwa. Vyuo vya nchini hufunguliwa kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja na hudai sehemu ya ada kabla ya usajili. Mzazi wa Tandahimba ana korosho ghalani na mtoto yuko getini Usa River bila namba ya usajili. Dawa ni ufuta: fedha yake huja kati ya mwezi wa tano na wa nane. Tatizo ni kwamba miezi hiyohiyo mikorosho inapuliziwa salfa na vibarua wanadai. Familia inayotaka kulipa kwa wakati itenge sehemu ya kwanza ya ada na nauli siku fedha ya ufuta inapoingia, kabla haijaitwa kwa jina lingine. Korosho ilipe muhula wa pili.

Chuo cha Marekani hudai ada mwezi wa nane na wa kwanza, kwa dola, na vyuo binafsi vya huko hutoza makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka kabla ya ufadhili. Kwa hiyo swali la kumuuliza afisa udahili si "mnatoa ufadhili?" maana wote hujibu ndiyo. Uliza: baada ya ufadhili wenu wote, mwanafunzi wa kigeni analipa dola ngapi kwa mwaka, pamoja na chakula, malazi, bima ya afya na vitabu, na ufadhili huo unadumu miaka yote minne kwa masharti gani ya alama? Usitarajie mkopo wa HESLB kulipia chuo binafsi cha Marekani. Wala usijenge bajeti juu ya kibarua: mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo wakati wa masomo.

Viza ina mpangilio wake. Chuo chenye kibali cha kupokea wageni hutoa fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba umedahiliwa. Ndipo unalipa ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, kisha ada ya maombi ya viza, kisha mahojiano ubalozini Dar es Salaam. Ada hizo hazirudi ukikataliwa viza. Si kila chuo kina kibali cha kutoa I-20, hasa vichanga, kwa hiyo swali la kibali ndilo la kwanza kabisa kwenye barua pepe yako. Masharti ya viza kwa Watanzania nayo hubadilika: Desemba 2025 Marekani ilitangaza kusitisha viza za wanafunzi kwa Watanzania kuanzia Januari 2026, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi la wiki unayoomba kabla ya kulipa chochote.

Tarehe tena: mtihani wa kidato cha sita ni mwezi wa tano, wengi huitwa JKT mara baada ya hapo, matokeo hutoka mwezi wa saba, na Marekani masomo huanza mwishoni mwa mwezi wa nane. Haiwezekani kupata udahili, ufadhili, I-20 na viza katika wiki hizo. Anayechagua njia hii akubali mwaka mzima wa kusubiri, na autumie kwa kuandika insha za Kiingereza na kujiandaa kwa mtihani wa lugha ambao chuo kitautaka.

Ithibati

Shahada ya nje isiyotoka katika chuo chenye ithibati inayotambulika haitapita TCU, na bila utambuzi wa TCU hutaajiriwa serikalini kwa shahada hiyo wala hutaendelea na uzamili nchini. Chuo kipya, hata kiwe na walimu bora, huchukua miaka kupata ithibati kamili. Kabla ya kuondoka pia, TCU hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje. Ipate kwanza, kwa sababu maombi yake hukulazimisha kutaja chuo na kozi, na kama kuna kasoro utaijua ukiwa bado Mtwara.

Nani achukue ipi

Aliyeitwa uchungaji, ana pointi zake na dayosisi inamtuma: Makumira au Iringa, bila kusitasita. Kilatini na Euclid havitamkimbia. Akiwa chuoni ana miaka ya kutosha kujisomea mantiki na balagha, na Kigiriki atakipata darasani.

Mwinjilisti aliye kazini, mwenye familia: Kidugala. Kutoka Masasi, lami inapita Tunduru, Songea na Njombe, na hategemei barabara ya pwani, ambayo Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata kule Somanga.

Anayependa vitabu, lugha na kufundisha, asiye na mwito wa uchungaji: Stella Maris na kikundi cha wiki. Akimaliza na bado ana kiu, ndipo aombe shahada ya pili nje, ambako ufadhili kwa mwenye shahada na uzoefu wa kazi hupatikana kwa urahisi kuliko kwa mwenye cheti cha kidato cha sita.

Njia ya ng'ambo tangu mwanzo inabaki kwa wachache: mwenye Kiingereza cha kuandika kilicho imara, ufadhili ulioandikwa kwenye karatasi kwa miaka minne, chuo chenye ithibati na kibali cha I-20, na dayosisi inayojua anakokwenda. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, asilipe ada ya SEVIS mwaka huo.